Kikombe Kimoja cha Maji ya Mvua

Kipande chenyewe hakikuzidi punje ya korosho. Daktari Sadallah alikikata kwa kisu cheupe cha plastiki, akakitumbukiza kwenye chupa ndogo iliyosafiri kutoka Dar es Salaam ndani ya mifuko miwili ya nailoni, akamkabidhi Nurdini.

"Shika, mzee. Usiifunge kwanza. Nafuata barafu na karatasi ya namba. Na nakukumbusha, kisiguse kitu kingine chochote."

"Nimesikia, daktari."

Mlango ukafungwa. Ndani ya chumba cha maiti wakabaki watu wawili, mmoja amesimama na chupa mkononi, mwingine amelala chini ya shuka. Aliyelala aliitwa Optatus, mtu wa Chiungutwa, umri miaka thelathini na minne. Jana yake alikuwa amekaa juu ya magunia ya korosho kwenye lori lililokuwa likiteremka kutoka Newala kwenda Masasi. Lori likapiga kona, yeye na magunia matatu hawakupiga kona.

Nurdini aliitazama chupa. Kipande kilikuwa kimelala kwenye damu nyeusi, nzito, na hakupenda alichokiona. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mhudumu katika hospitali hii ya misheni, kwenye barabara ya Kitangari. Alikuwa amesukuma vitanda, amefua mashuka ya chumba cha upasuaji, na amewaosha wafu ambao ndugu zao walichelewa kufika. Hakuwahi kumsafirisha mtu bila kumwosha. Na hiki, pamoja na udogo wake, kilikuwa mtu, tena kilikuwa na safari ndefu kuliko mtu yeyote aliyepata kupita pale: Dar es Salaam, kisha Ulaya, kwenye mashine ya kupima.

Kando ya beseni kilikuwapo kidumu chake cha maji ya kunywa. Mwaka uliotangulia, Daktari Sadallah huyu huyu alimfanyia Nurdini upasuaji wa tezi dume, baada ya miezi minne ya kusimama nyuma ya mkorosho akingoja kitu ambacho hakikuja. Alipomruhusu kurudi nyumbani alimwamuru anywe maji mengi kila siku ya Mungu. Tangu hapo mkewe, Adija, alimjazia kidumu kila asubuhi, maji ya mvua, yale ya nyumbani. Saa hii ya alasiri yalikuwa yamebaki kama kikombe kimoja.

Aliwaza neno la daktari. Kitu ni mkono. Kitu ni vumbi, ni chuma, ni pamba. Maji hakuyahesabu kuwa kitu. Maji ndiyo yanayoondoa vitu. Basi akamimina kidogo, akatikisa taratibu, akamwaga. Akamimina tena, akamwaga. Mara ya tatu alisema bismillahi kimoyomoyo, akakumbuka kwamba marehemu ni Mkristo, akaona hilo Mungu atalipanga mwenyewe.

Kipande kikabaki cheupe, safi. Daktari aliporudi alikuwa ameshughulika na namba na barafu, hakugundua lolote. Aliandika kumi na saba, akafunga.

*

Hiyo ilikuwa Novemba ya mwaka tisini na sita. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, Nurdini ndiye aliyetumwa kuzungumza na mama wa marehemu, kwa sababu daktari hakujua Kimakua, na jambo lenyewe si la kumwambia mfiwa kwa lugha ya kuazima.

Mama huyo, Agatha, alikuwa amekaa sakafuni kwenye baraza ya wodi, miguu ameinyoosha, kanga ameifunga kichwani. Hakuwa akilia. Nurdini alichuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, Mama Optatus."

"Marahaba. Sema tu, baba. Nimeona unazunguka tangu jua linachomoza."

Akamweleza. Kuna tezi ndogo chini ya kibofu, kila mwanamume anayo. Mtu akizeeka tezi hiyo hunenepa, ikabana njia ya mkojo, na nyingine huugua vibaya kabisa. Daktari anataka kujua madini madogo madogo yaliyomo humo, zinki, shaba, chuma, yanabadilikaje tezi inapougua. Wagonjwa anao wengi, wazee wamepanga foleni. Anachokosa ni tezi ya mtu mzima wa afya ya kulinganisha nayo. Nani ataleta mzima akatwe?

Agatha alisikiliza mpaka mwisho. "Baba yake Optatus," alisema, "alikufa mwaka wa themanini na moja kwa kuziba mkojo. Siku tano analia kama mtoto. Mwanamume aliyekuwa akibeba magunia mawili. Ndiyo hiyo tezi?"

"Bila shaka ndiyo hiyo, mama."

"Mtakata kiasi gani?"

Akamwonyesha ncha ya kidole kidogo.

"Kateni," alisema. "Lakini kisitupwe. Na mtakachokiona mje mniambie mimi mwenyewe. Siyo barua. Mtu aje."

"Nitakuja mimi," Nurdini alisema.

Ahadi hiyo hakutumwa kuitoa. Ilimtoka tu.

Jambo lililomuumiza Agatha zaidi lilikuja baadaye, na ahadi isingeweza kulitibu. Bomba lilikuwa kavu kwa siku ya tisa. Newala ukiomba chakula utapewa na kitanda cha kulalia, lakini ukiomba maji wataanza kukuuliza ukoo. Hospitali nzima ilikuwa na mapipa mawili, nayo yalikuwa ya chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi. Kwa Optatus ilipatikana nusu ndoo, na nusu ndoo haimwoshi mtu aliyebingirika kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Walimpangusa kwa kitambaa. Kwa hali ya mwili ule na joto lile, sanduku lilipigiliwa misumari pale pale, ili liende moja kwa moja kaburini.

"Mwanangu anaondoka na vumbi la barabara masikioni," Agatha alisema, akiwa ameegemea sanduku kwenye gari. "Mimi niliyemuogesha toka siku ya kwanza."

Nurdini alisimama pale, kidumu kitupu mkononi. Alitamani kumwambia juu ya kile kikombe. Akaona ni kidogo mno, ni kama kumdhihaki, akanyamaza.

*

Agosti iliyofuata Daktari Sadallah alirudi kutoka Dar es Salaam na bahasha nene, na uso wake uling'aa. Siku hiyo hiyo alifika Kitangari nyumbani kwa Nurdini, kwa sababu kuku wa Adija alikuwa na sifa mpaka kwa madaktari.

Nyumba ya Nurdini ilikuwa ya udongo kama nyingine, lakini juu ilimetameta kwa bati. Bati hilo lilikuja miaka mitatu nyuma, msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda huku juu uwandani na malori yao na kugombea korosho kama wali wa harusi. Wengine walinunua redio na baiskeli, wengine wakaoa. Adija alisema, "Bati kwanza, Baba Shamila, redio haikingi mvua," na hapakuwa na mjadala. Chini ya bati wakafunga mfereji, chini ya mfereji wakachimba kisima cha saruji. Tangu mwaka ule Adija hakutembea tena saa tatu kufuata maji bondeni. Aliyapenda maji yale kama mtu anavyompenda mtoto aliyechelewa kuzaliwa. Yalikuwa ya wageni, ya wagonjwa, na ya kuoshea wafu wa nyumba hiyo. Mama yake Nurdini aliondoka nayo.

Walikaa kwenye mkeka. Daktari alishindwa hata kutafuna vizuri kwa furaha.

"Mzee, namba tatu unamkumbuka?"

"Nani huyo?"

"Wewe! Tezi yako. Zinki kidogo sana. Wenzako wagonjwa hivyo hivyo, wote zinki imeshuka. Na wale wazima wanne niliowapata, zinki iko juu. Lakini namba kumi na saba, yule kijana wa Chiungutwa, amewapita wote. Wote! Nimekwisha kuandika ukurasa mzima juu yake. Labda ni udongo wa huku, labda korosho mnazokula. Kesho nakwenda kwa mama yake kumwambia kwamba mwanawe atasomwa dunia nzima."

"Alhamdulillahi," Adija alisema. "Na hiyo zinki ndiyo kitu gani, mwanangu?"

Daktari aliinua kidole cha mchuzi. "Hiyo hapo juu. Bati lenu limepakwa zinki, ndiyo maana halishiki kutu. Mvua ikinyesha hubeba kidogo kidogo mpaka kisimani. Haidhuru, kunyweni tu. Mtu anaihitaji."

Akacheka, akainua bilauri, akanywa maji yote.

Nurdini alikuwa ameshika tonge. Alilirudisha kwenye sahani, polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

*

Daktari alipoondoka, jua lilikuwa bado juu ya mikorosho. Adija alikusanya vyombo, akaona sahani ya mumewe imebaki na kuku, na kidumu hakijaguswa tangu adhuhuri. Akakaa.

"Haya."

Akamwambia yote. Hakuficha hata ile bismillahi.

Adija alipanga sahani moja juu ya nyingine. "Alikuona mtu?"

"Hapana."

"Maana hospitalini kwenu wanapunguza watu. Mwezi uliopita wamewapunguza wafuaji wawili. Mhudumu mzee aliyeharibu dawa ya Ulaya, wewe unadhani wataanza na nani?"

"Najua."

"Basi nyamaza. Daktari ana furaha yake, yule mama atapata furaha yake kesho. Umemwibia nani?"

Nurdini aliinua macho kwenye bati. Alikuwa akimwona Agatha akiambiwa kwamba zinki ya mwanawe imewapita wote, na kumbe huenda hiyo sifa ni ya bati la Kitangari. Aliona aibu. Adija akamsogezea kidumu. Alikishika, akakitazama, akakiweka chini.

"Kunywa."

"Yananishinda."

"Usipokunywa utaziba tena, Baba Shamila."

"Nimejaribu. Hayapiti."

Adija alimtazama mwanamume huyu aliyeishi naye miaka thelathini na mitano, mkaidi wa mambo madogo. Alihuzunika, na papo hapo alitaka kucheka. Akamfuta chembe ya ugali kwenye ndevu.

"Basi kesho asubuhi nenda ukaseme," alisema. "Useme, urudi unywe maji. Wakikufukuza tutauza mbaazi."

*

Asubuhi alimkuta daktari akipakia gari nyuma ya wodi ya wanaume. Alisema akiwa amesimama wima, kofia mkononi, bila kuzunguka: kidumu, kikombe kimoja, mara tatu.

Daktari Sadallah aliweka sanduku chini. Uso ulimbadilika kidogo kidogo, na mwisho ukabaki uso wa kijana aliyechoka.

"Nilikwambia kisiguse kitu."

"Uliniambia."

"Nilikuambia, mzee! Kile kisu unakijua kilitoka wapi? Zile chupa zilioshwa kwa tindikali, zikakaushwa, zikafungwa mara mbili, ili chembe moja isiingie. Chembe! Na wewe ukammiminia..." Aligeuka, akapiga bodi ya gari kwa kiganja. Nesi mmoja akachungulia dirishani, akarudi ndani. "Kwa nini? Wewe si mtu mjinga. Kwa nini?"

"Alikuwa na damu, daktari. Anasafiri. Sikuweza kumwacha aende vile."

Daktari aliegemea gari. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Ile zinki huenda ni yake kweli. Na huenda ni ya bati lako. Huenda ni kidogo, huenda ni nyingi. Kipande chote kilichomwa kwenye mashine, hakuna cha kurudia. Hatutajua kamwe, na nisichokijua siwezi kukiandika." Akafungua bahasha, akatoa karatasi moja, akachora mstari juu ya namba kumi na saba. "Ungenyamaza, Mzee Nurdini. Nisingejua mpaka nazikwa."

"Ndiyo maana nimesema."

"Sasa yule mama nitamwambia nini?"

"Utamwambia nini wewe? Mimi ndiye niliyemwahidi."

Daktari alimtazama, kisha akatafuta karatasi nyingine. "Kuna kitu kimoja hakikuharibika. Nilikata na kipande cha pili, nikakiweka kwenye dawa ya kuhifadhi; hakifai kupimwa madini, lakini kiliangaliwa kwa hadubini. Hicho kilikuwa kizima. Mwambie hilo. Na hili la kuosha..." Alisita. "Sijaandika jina la mtu yeyote. Nitaandika sampuli iliharibika, basi. Nenda. Lakini leo usiniombe nikuchekee."

*

Baiskeli ilimteremsha kutoka uwandani mpaka nchi ya chini, breki zikinuka mpira, na jua la saa saba lilimkuta Chiungutwa. Ilikuwa mwanzo wa mikorosho kutoa maua. Vijana walikuwa wakipuliza salfa shambani, na ukungu wake wa njano ulining'inia juu ya njia.

Agatha alikuwa akipepeta mbaazi nje ya nyumba yake ya nyasi. Alimtambua kabla hajashuka.

"Umekuja," alisema. "Nilisema barua sitaki, na umekuja."

"Nimekuja, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa kwenye kigoda, akaanza na la hadubini. Alimwambia kwamba mwanawe alikuwa mzima, hana doa, ugonjwa wa baba yake haukuwa umemwanza. Agatha alifumba macho, akatikisa kichwa mara mbili, akaendelea kushika ungo.

"Na yale madini?"

"Yale hayakusomeka."

"Yamekosekana?"

"Yaliharibika. Hayatumiki, daktari ameyafuta. Na aliyeyaharibu ni mimi." Kimakua chake kilimgoma, akameza mate, akaendelea. "Walinipa nikishike. Wakaniambia kisiguse kitu. Nikakiosha."

Ungo ulisimama. Mbaazi chache zilibingirika mpaka mchangani, na kuku mmoja akaja mbio.

"Ulikiosha?"

"Nilikiosha, mama. Kilikuwa na damu. Maji yalikuwa na madini ya bati, sikujua. Ulitoa ukisema kisitupwe, na ni kama nimekitupa mimi. Nisamehe."

Agatha hakumfukuza kuku. Alikuwa akimtazama Nurdini kana kwamba ndiyo kwanza ameingia uani.

"Siku ile hapakuwa na maji," alisema.

"Hapakuwa."

"Niliomba, nikaambiwa hospitali nzima hakuna maji. Wewe uliyatoa wapi?"

"Yalikuwa yangu. Ya kunywa. Nilikuwa nimebakiwa na kikombe."

"Maji gani?"

"Ya mvua. Mke wangu huyaweka. Mama yangu tulimwosha kwa hayo."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Agatha aliweka ungo chini. Midomo yake ilianza kucheza, na machozi ambayo hakuyatoa kule barazani siku ile yalikuja sasa, mengi, bila sauti. Nurdini alitaka kuinuka. Mama huyo alinyoosha mkono akamshika kifundo cha mkono, akamkalisha.

"Miezi tisa," alisema, "kila nikioga naona haya. Nasema mimi naoga, mwanangu analala na vumbi." Alipangusa uso kwa upindo wa kanga. "Kumbe kuna mahali pake palioshwa."

Walikaa hivyo mpaka kuku akamaliza mbaazi. Hakuna aliyezungumza tena habari za zinki.

Nurdini alipoaga, Agatha aliliona lile dumu dogo limefungwa kwenye karia ya baiskeli. Alilifungua, akalitikisa. Lilikuwa limejaa tangu Kitangari.

"Hujanywa."

"Nilikuwa siwezi."

Akatoa kata ukutani, akayamimina humo yale maji ya mvua, kata mbili tele, akazibeba moja moja mpaka nyuma ya nyumba, penye msalaba wa mti, na kuyamwaga pale taratibu, kutoka kichwani kwenda miguuni. Kisha akarudi, akachota kwenye mtungi wake maji ya kisima cha bondeni, akajaza dumu, akafuta mdomo wa dumu kwa kanga, akalifunga.

"Huo mlima haupandwi na dumu tupu," alisema.

Kwenye kona ya kwanza ya mteremko Nurdini alishuka, akaanza kusukuma. Salfa ya mashambani ilikuwa imempaka njano mpaka kwenye nyusi. Alisimama, akafungua dumu, akanywa. Maji yale yalikuwa na ladha ya udongo wa mtungi, nayo yalipita bila shida. Akalifunga, akaendelea kupanda, na kila aliposukuma aliyasikia yaliyobaki yakicheza nyuma yake.